Picha Isiyokatika

Mafundi wa televisheni wana maringo yao, na huyu waliyemwita Kioo alikuwa nayo ya kutosha kugawia mtaa mzima. Ukimpelekea televisheni inayokoroma, kwanza atakuuliza nani aliyeigusa kabla yake, kisha atasonya. Lakini mke wake alipolazwa, maringo yote yalimwisha. Akawa anafungua duka anapojisikia na kulifunga kabla wateja hawajajua kwamba lilifunguliwa.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake. Miguu ya mama huyu ilikuwa imevimba na kukataa ngazi, na wodi ya binti yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Alilia kwamba mtoto wake wa pekee anaugua naye hata uso wake hauoni. Ndipo Kioo akamwomba muuguzi ruhusa, akatega simu kuukuu dirishani, ikielekea kitanda cha mkewe tu. Mtandao wa pale ulikuwa dhaifu, haubebi video, kwa hiyo simu ilipiga picha moja moja na kuzituma. Sebuleni, kwenye kisanduku cha kuchezea filamu kilichounganishwa na televisheni, Kioo aliongeza kiprogramu alichokiandika mwenyewe cha kuzipokea na kuzibadilisha. Mgonjwa alipoelezwa alicheka.

"Mwambie mama mimi siyo sinema," alisema. "Asije akaita na majirani."

Mama akahamia mbele ya televisheni na mto wake. Tatizo likawa moja. Kila picha ilipobadilika, ya zamani ilifutwa kwanza, na kabla mpya haijafika kioo cha televisheni kiliingia weusi. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini mama wa watu roho ilimruka kila mara. Anashika kifua, anauliza kama ndiyo amekwenda. Picha inarudi, anashusha pumzi, anaanza kungoja weusi mwingine. Chakula kikawa hakipiti kooni. Kioo alimweleza habari za mtandao mpaka ulimi ukamchoka, akaona anampigia mbuzi gitaa.

Basi akakaa chini, akakiandika upya kile kiprogramu. Akapanga picha mbili, moja nyuma ya nyingine: ya mbele haiondoki mpaka ya nyuma imefika yote, ndipo hiyo mpya inajitokeza polepole juu ya mwenzake. Na mpya isipofika je? Hapo alisita kidogo. Akamwonea huruma mkwewe, akaamua ya zamani ibaki palepale hadi nyingine ipatikane. Weusi usitokee tena, basi.

Kazi ilitoka safi. Mkono wa mgonjwa ulihama kutoka kwenye shuka hadi kifuani bila kioo kupepesa. Mama akaanza kula, tena akaanza kuzungumza na televisheni, kumwambia binti yake ajifunike, kumsimulia nani kapita mlangoni na alivyovaa vibaya. Kioo, ambaye hakuwahi kupata neno zuri kwa mama huyu tangu siku ya posa, aliambiwa kwamba kumbe ana akili. Alitoka uani akajifuta macho, maana sifa hiyo angependa mkewe aisikie.

Alfajiri moja aliitwa wodini haraka. Alipofika, wauguzi walikuwa wamekwisha vuta pazia na kuiondoa ile simu dirishani ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Walihangaika wakashindwa. Mkewe alikata roho akiwa amemshika mkono, na huzuni iliyomwingia hapo ilimfanya asikie watu kama wako chumba cha pili. Muuguzi akamkabidhi ile simu, naye akaitia mfukoni bila kuitazama. Zikafuata shughuli za hospitali na za kuwapasha ndugu habari. Mama asingependa kuambiwa kwa simu ya mtu, Kioo alimjua, kwa hiyo akaamua atamwambia mwenyewe. Njia nzima alipanga maneno. Televisheni hakuikumbuka hata kidogo.

Alifungua mlango, akamkuta mama amekaa vizuri kitini, sahani ya chakula cha mchana tupu kando yake, uso umechangamka. Kwenye kioo mkewe alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, mwanga wa alfajiri ukiwa begani.

"Polepole, baba," mama alisema kwa sauti ya chini. "Leo amelala vizuri kweli. Hajajigeuza hata mara moja."

Kioo alipiga magoti mbele yake, akamweleza kwamba mkewe amefariki tangu asubuhi, na hiyo ndiyo picha ya mwisho iliyotumwa. Hakuna nyingine iliyokuja kuiondoa. Maneno aliyoyapanga njiani hakutumia hata moja.

Mama alimtazama binti yake kwenye televisheni, kisha akamgeukia mkwewe.

"Kwa hiyo siku nzima nazungumza peke yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa namwambia asiamke," alisema. "Nilimwambia apumzike tu, mimi nipo."