Mshale Ulioniumbua Ukumbini

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu (na ukitaka ukweli, mtu wa kumsimulia ndiye aliyekuwa hayupo), lakini kwa kuwa mmening'ang'ania leo, basi sikilizeni, ila mkicheka chekeni kidogo.

Mimi natengeneza tovuti. Nimepanga chumba Kanyenye, Tabora mjini, nafanya kazi humo humo, nakula humo humo, nalala humo humo, na wateja wengi tunaandikiana tu, kwa hiyo kuna siku jua linazama sauti yangu mwenyewe sijaisikia. Ndipo nikazoea kuandika mawazo yangu ndani ya kodi (siyo ile ya mapato, ni yale maandishi yanayoendesha ukurasa wa mtandao). Mle kuna alama ya kufungua na alama ya kufunga, na chochote ukiandika katikati yake, msomaji hakioni. Mafundi wenzangu huweka humo vikumbusho vya kazi. Mimi nilikuwa naweka maongezi.

Sasa wafuga nyuki wa Ntalikwa wakanipa kazi ya kuwatengenezea tovuti ya kuuzia asali. Mwenyekiti wao ni Mama Nyamizi, mama wa makamo, ndiye anayesoma masomo kanisani kwao kwa hiyo sauti anayo. Jioni ya kuamkia uzinduzi nikamaliza, nikaupitisha ukurasa kwenye chombo cha mtandaoni kinachokagua kodi mstari kwa mstari, kikaniambia safi, hakuna kosa. Nikafurahi, nikageuka nimwambie mtu, hakuna mtu. Basi nikafungua tena faili, juu kabisa, mle mafichoni, nikaandika: "Kesho baada ya shughuli nipande treni, Tabora --> Igalula, nikamsalimie nani? Mama hayupo tena. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, aliyenitakia heri ni kampuni ya simu peke yake." Nikaupandisha mtandaoni. Nikajiuliza, niukague tena? Nikajijibu, ya nini, si nimetoka kuukagua sasa hivi?

Ule mshale niliouchora kwa mbwembwe kuelekea Igalula, kwetu, vistari viwili na ncha, ndiyo hiyo hiyo alama ya kufunga. Nalijua hilo tangu chuoni! Yaani nilifunga pazia katikati ya sentensi, nusu ya pili ikabaki nje, na kile chombo kingeniwekea alama nyekundu palepale kama ningekiuliza.

Asubuhi ukumbi umejaa, projekta imewashwa, watu wameketi na chupa zao za asali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Ukurasa wetu uko salama?"

"Mama, umekaguliwa na mashine, hauna kosa hata moja," nikasema kwenye kipaza sauti, tena kwa maringo.

Nikaufungua. Juu ya picha ya mizinga kukatokea maandishi, na Mama Nyamizi, akidhani ni neno la kukaribisha wageni, akavaa miwani akasoma kwa ile sauti ya kanisani: "Igalula, nikamsalimie nani? Mama hayupo tena."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kwa nguvu, "Igalula imeingiaje kwenye asali ya Ntalikwa?" Nikakimbilia kompyuta, badala ya kufunga nikabonyeza kukuza, herufi zikajaa ukuta mzima, naye anaendelea kusoma huku sauti ikipungua: "Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, aliyenitakia heri ni kampuni ya simu peke yake."

Kicheko kikakatika. Nilitamani wangeendelea kucheka.

Mama Nyamizi akaweka kipaza sauti mezani, akanisogelea. "Maganga mwanangu, kumbe ni wewe?"

"Hapana mama, ni... ni maandishi ya majaribio."

"Jumapili uje kwangu tule, tukitoka ibada."

Na mimi, kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa unanitazama kwa huruma, nikajibu, "Asante mama, Jumapili nina wageni." Nayasema hayo na ukuta bado umeandikwa vile!

Mama akaitikia polepole, "Haya mwanangu. Wasalimie."

Jumapili nikafagia chumba, nikapika wali sufuria kubwa, nikaacha mlango wazi, labda uongo ungegeuka kuwa kweli. Hakuja mtu. Wali ule niliula peke yangu mpaka ukaanza kuchacha.

Siku hizi nikigusa ukurasa hata kwa nukta moja, naukagua upya kabla haujatoka, na mle mafichoni naandika mambo ya kazi, basi. Nimeapa pia kwamba mtu akinikaribisha chakula nitakubali kabla hajamaliza kusema. Ila Mama Nyamizi hajanikaribisha tena. Tukikutana sokoni ananiuliza kwa heshima zote, "Wageni wako hawajambo?"

Nami najibu, "Hawajambo mama, wanakusalimu."