Brashi ya Macho

Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa harufu ya baba yangu. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kila jioni, uani kwetu Lemara, pembeni mwa Arusha, alizamisha brashi zake kwenye kopo la mafuta hayo, akazikamua kwa kitambaa mpaka rangi ikatoka yote. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi kabla sijajua kusoma nilishajua kuosha brashi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na maduka ya mjini yameanza kujaa vitu kutoka Nairobi. Dada yangu Elinipa alikuwa na miaka kumi na saba na moyo mgonjwa tangu kuzaliwa. Shamba halikumfaa, kubeba maji hakukumfaa. Mchoraji mmoja wa mtaa wa Kimandolu alikubali kumfundisha, ila aje na vifaa vyake, akamwandikia kwenye kipande cha boksi: rangi za akriliki, nyekundu, bluu, njano, nyeupe tyubu kubwa, brashi bapa moja na nyembamba moja. Tulikwenda mjini kwa miguu, tukipumzika kila alipochoka. Dukani mimi niliona boksi la rangi kumi na mbili nikaling'ang'ania. "Dada, hili! Lina hadi zambarau!" Akanivuta sikio taratibu. "Mwalimu kasema hizi tatu zinazaa nyingine zote. Nyeupe ndiyo huisha haraka." Brashi bapa aliichukua bila kusita. Nyembamba alizijaribu moja moja, akizilowesha kwa ulimi na kuzikunja juu ya kiganja. Zote zilitawanya nywele isipokuwa moja. "Hii ndiyo ya macho," akasema. Muuza duka akamcheka: "Binti, unachagua brashi au mchumba?" "Mchumba ningechukua yeyote," akajibu, na duka zima likacheka.

Alianza kumchora Mama. Kwa wiki kadhaa Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, akikatazwa kugeuka. Kila kitu kilitokea pichani: kitenge, mikono, kovu la kidevuni. Yalibaki macho. Asubuhi ya kuyachora, Elinipa alikuwa ameshachovya brashi nyembamba alipokosa pumzi. Baba alimbeba mgongoni kwenda hospitali, na dada, midomo ikiwa ya kijivu, akageuka kunitazama. "Osha brashi yangu."

Nikaiosha. Niliizamisha kwenye kopo la Baba, nikaikamua kwa kitambaa kama nilivyomwona akifanya, nikaianika dirishani, nikajivunia. Sikujua kwamba rangi ile huoshwa kwa maji tu, tena kabla haijakauka.

Aliporudi baada ya wiki mbili, brashi ilikuwa ngumu kama msumari.

"Umeioshea nini?"

"Mafuta ya taa. Kama ya Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Jamani, mdogo wangu! Mimi namchora Mama, si ukuta wa zahanati." Lakini niliona alivyoiloweka kwenye maji ya moto, na nywele zikang'oka zikaelea. Bapa ilikuwa nene mno kwa macho. Dukani zilibaki zile za kutawanya nywele, kwa hiyo Baba alimwagiza dereva wa lori la Namanga alete nyingine kutoka Nairobi. Elinipa aliulizia lori lile kila siku, kisha akaacha kuuliza. Tulimzika kabla ya masika. Hakuna aliyenilaumu. Baba tu hakuosha tena brashi nyumbani. Aliziosha hukohuko kazini.

Mama aliitundika picha ile ukutani bila macho, na aliishi nayo mpaka naye akaondoka. Sasa iko kwangu. Siku hizi Arusha brashi zinauzwa kwa mafungu, na juzi nilimpeleka binti yangu kununua za kwake za kuanzia. Nilizijaribu juu ya kiganja, muuzaji akinishangaa. Tuliporudi, binti alisimama mbele ya picha, brashi nyembamba mkononi.

"Mama, nimmalizie bibi macho?"

Nilimtilia maji ya kuoshea brashi kwenye kikombe, nikakiweka karibu yake, nikatoka nje.