Nyumba ya Filister Kule Gatina

Filister Nasipwondi, Mungu amlaze pema, alikuwa mwanamke mfupi. Ukimtaka sokoni Kawangware ilibidi umtafute nyuma ya rundo la mitumba yake. Sauti yake, hata hivyo, uliisikia ukiwa bado barabarani. "Kanzu ya kanisa hii! Ukivaa hii hata pasta atasahau mahubiri!" Watu walicheka, wakasimama, na aliyesimama kwa Filister hakuondoka mikono mitupu.

Mumewe, Wakoli, aliugua kifua akafa mwaka wa tisini na moja, akazikwa kwao Bungoma. Baada ya matanga Filister alirudi Nairobi na binti yake Trizah, kwenye chumba kimoja walichopanga Soweto West, ndani ya Kibera. Kilio chake alikilia usiku, kwa sababu mchana kulikuwa na kazi. Alilomwomba Mungu lilikuwa moja, na akina mama wa kanisa walilijua hata kabla hajafumba macho: mlango wake mwenyewe. Mlango ambao hakuna ajenti wa mwenye ploti atakayeupiga kufuli kwa sababu kodi ya mwezi imechelewa.

Jibu la maombi hayo lilikuwa limekaa karibu naye sokoni siku zote, likiuza nduma.

Mama Wangoi alikuwa mjane pia, mzee wa Kikuyu aliyetoka Gatina, upande wa chini unakoteremka kuelekea mtoni. Miaka hiyo Gatina haikuwa imejaa maghorofa. Kulikuwa na mahindi, majani ya ng'ombe, ng'ombe wenyewe kwenye vibanda vya mbao, na matope mekundu yaliyoshika kiatu kama mdai. Watu wa mjini walisema pale ni mashambani. Waliotoka mashambani walisema ni mjini. Filister alipopelekwa huko mara ya kwanza kunywa chai, alisimama mbele ya nyumba ya Wangoi akasahau alichokuwa akisema, na hilo halikuwa jambo la kila siku. Ilikuwa nyumba ya mbao, vyumba vitatu, mabati yaliyoshika kutu, jiko lake nje, na kiraka cha shamba cha kutosha sukuma wiki na kunde.

"Binti yangu ananiita Nyandarua," Wangoi alimwambia. "Magoti haya hayapandi tena mlima wa soko. Nauza."

"Unauzia nani?"

"Kuna mtu wa Kangemi. Anataka kuvunja, ajenge vyumba vya kupangisha, mstari mrefu kama gari la moshi." Wangoi akatema mate pembeni. "Nimezaa watoto saba ndani ya nyumba hii. Afadhali nikuuzie wewe, hata kama utanisumbua na makelele."

Pesa hazikuwa tatizo kubwa, kwa maana Filister alikuwa ameweka akiba kwenye chama cha akina mama tangu Wakoli akiwa hai, na chama kikamwongezea. Tatizo lilikuwa mtu. Shamba lilikuwa la ukoo, na wakili alisema wazi: bila sahihi ya Mzee Gachanja, shemeji yake Wangoi, hakuna kuuza.

Gachanja alikuja na bakora yake, akamtazama Filister kutoka kitambaa cha kichwa hadi raba za miguuni.

"Karatasi ni ya serikali," alisema. "Udongo ni wa ukoo. Mpaka kati ya kipande hiki na shamba langu utapandwa matoka, na kila upande unatoa mwanaume wa kupanda. Wetu ni mimi. Wako yuko wapi?"

Matoka ni maua ambayo Wakikuyu hupanda mipakani. Ukiyakata yanachipuka, ukiyachoma yanachipuka, na mtu aliyeyapanda kwa mkono wake hawezi kesho kusema hakuona mpaka.

"Mume wangu amelala, mzee."

"Basi lete ndugu yake. Jumamosi. Asipokuja, huyu wa Kangemi ana kaka wanne."

Filister alishuka Laini Saba, kule Kibera, siku hiyohiyo. Kandokando ya reli, shemeji yake Wekulo alikuwa akigonga masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Wekulo ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina Wakoli, na hakuruhusu mtu yeyote asahau.

"Shemeji," Filister alianza, akamweleza yote.

Wekulo aliendelea kugonga mpaka alipomaliza kona. "Mama Trizah, siku hizi umekuwa mwanaume?"

"Kama kazi ya mwanaume ni kukaa kwenye bomba la maji akibishana, bado."

Mafundi wa karibu walicheka. Wekulo hakucheka. "Nyumba ya marehemu iko Bungoma. Mwanamke wa kwetu hanunui boma kwa watu. Ukifa utazikwa wapi, kati ya nduma?"

"Sijasema nataka kufa. Nimesema nataka kuhama."

"Sitakuja. Na bila mimi huwezi. Watakuuliza mwanaume wako yuko wapi, utawaonyesha nani? Trizah?" Akashika nyundo tena. "Utarudi hapa mwenyewe. Tutatafuta namna, hiyo pesa tujengee nyumbani, niisimamie."

Hapo ndipo Filister alipoelewa, na jambo likishaeleweka halina tena uzito uleule. Alimuaga shemeji yake kwa heshima, akapanda zake juu. Nyumbani Trizah alimwona uso akauliza, "Mathe, amekataa?"

"Amekataa."

"Sasa?"

"Sasa tunaomba. Halafu naenda kwa Mama Wangoi."

Wangoi alisikiliza habari hizo akimenya viazi. Alipomaliza kusikia aliweka kisu chini. "Twende," alisema, na magoti yaliyoshindwa kupanda mlima wa soko yakapanda kwa Gachanja bila kupumzika.

Mzee alikuwa akimkamua ng'ombe. Hawakungoja amalize.

"Gachanja," Wangoi alisema, "wakati wa Emajensi, mlipokuwa kizuizini, wewe na ndugu yako, wazungu walipokuja kupima mashamba, nani alishika kigingi cha shamba lenu?"

Maziwa yakaacha kulia ndani ya ndoo.

"Nakuuliza wewe. Nani?"

"Wewe," mzee akasema chini ya ng'ombe.

"Na matoka?"

"Wewe."

"Nilikuwa na mimba, mvua inanyesha, na askari ananitazama. Kuna mtu aliniuliza mwanaume wangu yuko wapi? Uliporudi, ulikataa shamba kwa kuwa limepimwa na mwanamke?"

Gachanja alitoka chini ya ng'ombe polepole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni huwezi kumsukuma. Inabidi umwonyeshe kanuni nyingine. "Wewe ulikuwa mke wetu," alisema. "Mtu wa ukoo. Huyu ni mgeni. Mgeni lazima awe na mtu."

"Basi na azaliwe."

"Nizaliwe vipi?" Filister akauliza.

Wangoi akamgeukia, akamweleza. Zamani, mgeni aliyetaka kukaa na Wakikuyu alileta mbuzi, akapakwa damu yake, wazee wakala naye, akahesabiwa amezaliwa upya katika ukoo ule. Baada ya hapo hakuitwa mgeni tena, na watu wa ukoo wakawa watu wake.

"Hiyo ilikuwa ya wanaume," Gachanja akasema.

"Wanaume hawazai," Wangoi akamjibu. "Mimi ndiye ninayemzaa. Nimeshazaa saba, wa nane hatanishinda."

Mzee alijaribu kukasirika, kicheko kikamtoroka kwenye masharubu. Akamwangalia Filister. "Wewe utakubali?"

Filister alikuwa ameokoka, na hakutaka nyumba ya kumgombanisha na Mungu aliyempa. "Mbuzi nitaleta," alisema hatimaye. "Nitakaa na ninyi nitakula. Lakini damu sitapakwa, mzee. Damu iliyonitosha ilishamwagika, na mmoja tu ndiye aliyeimwaga."

Gachanja alikuwa mzee wa kanisa lake, kiti cha mbele, na alijua ni damu gani inayosemwa. Alifikiri akikuna kidevu. "Supu utakunywa?"

"Supu nitakunywa mpaka mnizuie."

"Basi Jumamosi," akasema, akarudi chini ya ng'ombe.

Jumamosi ile mvua ya usiku ilikuwa imepasua anga na kuliacha safi. Wazee walikuja, akina mama wa kanisa wakatoka Kibera kwa miguu wakiimba, na mbuzi, beberu mweusi aliyenunuliwa Dagoretti, akageuka supu kabla ya adhuhuri. Gachanja aliombea chakula kwa Kikuyu, mama mmoja wa kanisa akaombea tena kwa Kibukusu, ili Mungu asibaki na shaka. Filister alipewa kipande cha kwanza kwa mkono wa Wangoi, kama mtoto anavyolishwa, na wazee wakamwuliza jina lake. Akalitaja. "Wa nani?" wakauliza. Alimkumbuka Wakoli, aliyepaswa kuwa pale na shati lake jeupe. Akameza kipande kile, akasema kwa ile sauti ya sokoni, "Wa Wangoi!" Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio.

Kisha wakaenda kwenye mpaka. Gachanja alipanda matoka upande wake. Upande wa pili Filister alivua raba, akakunja leso, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akachimba. Hakuna aliyeuliza mwanaume wake yuko wapi. Alipofika mwisho wa mstari alisimama, mikono imejaa matope, akainua yote miwili juu. Gachanja akatia sahihi kwenye karatasi za wakili akiwa amezilaza juu ya mgongo wa Trizah, kwa kuwa meza ilikuwa imejaa nyama.

Wekulo aliwasili nyama zikiisha. Alikuwa amesikia kuna mbuzi, akaja kuona Filister anavyoaibika. Alisimama mlangoni amevaa koti, akitazama wazee, akitazama mpaka.

"Hodi," akasema.

"Karibu, shemeji! Kaa pale, kiti cha wageni."

Kwa Filister sherehe bila kuku haikuwa sherehe, hata kukiwa na mbuzi. Aliandaa ugali na kuku mezani. Wekulo alinawa, akachokora bakuli, akatafuta. Akatafuta tena. Alikuwa anatafuta firigisi, ile ambayo kwa Waluhya hupewa mwanaume mwenye boma.

"Mama Trizah, firigisi imeenda wapi?"

Filister alionyesha kwa kidevu. Kwenye kona Mzee Gachanja, ambaye hakujua maana yake wala hakuiomba, alikuwa akihangaika nayo kwa jino alilobakiza. "Hii kitu ni ngumu kama raba!" alilalamika. "Ninyi watu wa magharibi mnakula hii kwa raha gani?"

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Wekulo alivumilia kidogo, mabega yakaanza kumtikisika, mwishowe akacheka mpaka akavua koti. Alikula ugali wake wote. Kabla ya giza alipanda juu ya mabati bila kuombwa, akapiga misumari palipokuwa pamelegea, na Filister akashika ngazi chini akimwelekeza.

Krismasi ya mwaka ule Wekulo alikwenda Bungoma, akawaeleza watu kwa kirefu jinsi alivyompatia mke wa marehemu ndugu yake nyumba Nairobi: alivyotafuta, alivyowakabili wazee wa Kikuyu, alivyokula nao mbuzi. Filister alikuwa amekaa palepale na sahani mapajani. Watu wakamgeukia, wakauliza kama ni kweli.

"Shemeji alipiga misumari vizuri sana," alisema, akaongeza mchuzi.

Aliishi Gatina, kwake, mpaka Bwana alipomwita.