Sentimita na Miti ya Dada Yake

Kazini tulimwita Sentimita, na jina likamkaa. Alikuwa mpimaji katika shamba kubwa la misonobari, ile aina inayozaa mbegu za kuliwa, na angeweza kubishana nawe asubuhi nzima kwa sababu umeshika utepe chini kidogo ya usawa wa kifua. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya utepe huo kwa miaka kumi na sita. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa, na katika lawama zake sijitoi.

Kazi yetu ilikuwa na siku moja isiyopendwa. Misonobari hupandwa imebanana ili ishindane kwenda juu. Ikifika miaka kumi na tano lazima nusu ikatwe, inayobaki ipate jua na maji ya kuzalia. Mpimaji ndiye anayepita na kopo la rangi nyeupe kuitia alama ile ya kukatwa. Sentimita hakuwa na huruma hata chembe. Alipaka, akafuta brashi kwenye suruali, akasogea. Nilimtania kwamba miti ikimwona inatetemeka, naye hakucheka, maana kazini kicheko alikiacha getini.

Dada yake mdogo alikuwa na ekari nne ng'ambo ya barabara. Miti ile aliipanda marehemu mama yao, na hao wawili ndio waliobeba ndoo za kuimwagilia wakiwa watoto. Wakati wa kupunguza ulipofika, dada alimwomba kaka yake aje na rangi. Tukaenda. Sentimita alizunguka mti hadi mti, kopo mkononi, brashi kavu. Mwisho akamwambia dada yake kwamba miti iko sawa, nafasi inatosha, asikate hata mmoja. Nilimtazama. Vipimo nilikuwa nimeviandika mwenyewe, na vilisema kinyume. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mambo ya ndugu hayaingiliwi. Ulikuwa woga tu, nikaupa jina zuri.

Miaka minne baadaye mvua zilikatika, misimu miwili mfululizo. Kwetu kwenye shamba kubwa, koni zinazobeba mbegu zilipungua, kisha zikarudi. Kwa dada hazikurudi. Koni ya msonobari huchukua miaka mitatu kukomaa, kwa hiyo balaa lake huja polepole: kila msimu dada aliokota koni ndogo zaidi, akizipasua anakuta maganda matupu. Watu walilaumu anga, na Sentimita aliilaumu kwa sauti kuliko wote. Dada alijilaumu mwenyewe. Labda alipogoa vibaya, alisema. Labda alichelewa kupalilia. Labda mama angekuwa hai yasingefika huku. Aliyasema hayo huku akitumiminia chai, na kaka yake akikoroga kikombe ambacho hakutia sukari.

Mwaka huu akakata tamaa. Aliamua kuiangusha yote auze mbao, akapanga na fundi wa msumeno aje Jumamosi.

Alhamisi Sentimita alichukua kekee nyembamba tunayotobolea mashina, ile inayotoa kijiti chenye pete za miaka yote ya mti. Tulitoa kijiti kimoja kwa dada na kimoja kwetu, akavilaza juu ya meza ya ofisi. Kwenye kijiti cha kwetu pete zilibana miaka ya ukame, kisha zikatanuka. Kwenye kile cha dada zilikuwa zimebana tangu kabla ya ukame. Mvua zilipokatika, miti ile ilikuwa tayari inanyang'anyana maji. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sentimita alikaa kwenye kiti changu, akasema hakuhitaji kekee kulijua hilo. Nikamwambia hata mimi. Hatukutazamana.

Kesho yake asubuhi tulimkuta dada akiosha vyombo. Alisikiliza mikono ikiwa majini. Sentimita alimweleza kwamba koni ziliharibika kwa miti kubanana, kwamba siku ile ya rangi mkono ulimgomea, kwamba kila mti aliousogelea alimwona mama amechuchumaa anaupanda. Akamwambia miti bado ina uhai; ikikatwa nusu, iliyobaki itapata nguvu, na baada ya miaka kadhaa itazaa.

"Ulijua lini, kaka?"

Angeweza kusema jana. Kijiti kilikuwa mfukoni, na kingemtetea. Nilimwona akiupima uongo huo, na najua aliupima kwa sababu hata mimi niliupima.

"Siku ileile," alisema. "Nilipokwambia iko sawa."

Dada hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akampigia fundi simu asije. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Miaka mitano naenda kaburini kumwomba mama msamaha. Kwa kosa lako. Rangi atapaka mtu mwingine. Wewe nenda, mpaka nikuite."

Akanitazama mimi pia, na sikuhitaji kuambiwa.

Nusu ya miti imekatwa sasa, na iliyobaki imeanza kutoa machipukizi marefu. Tunayaona tukiwa ng'ambo ya barabara. Sentimita bado yuko kazini. Siku hizi habishani na mtu. Simu yake ikilia, anatazama kwanza ni nani, kisha anaiacha ilie kidogo kabla ya kupokea. Huu ni mwezi wa nane tangu asubuhi ile. Hajaitwa, nami sijaitwa.