Zege la Bwana Hamud

Mvua ikianza kunyesha Magomeni, sisi majirani tunaanua nguo. Bwana Hamud, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, yeye anatapisha choo. Anazibua bomba la uani, uchafu wote unamiminika mtaroni na kwenda zake kwa wengine. Gari la maji taka, anasema, ni la watu wasiojua kutumia neema ya Mungu.

Mwaka huu akaufukia mtaro mbele ya nyumba yake, akamwaga zege juu, apate pa kuegesha gari. Tukamuuliza maji yatapita wapi. Akatujibu, "Maji yana akili kuliko nyinyi."

Kweli yanayo. Jumapili wageni walikuja kutoka Mchafukoge kumposa binti yake, Anfal. Biriani limeshapakuliwa uani chini ya turubai, mvua ikashuka. Hamud, kwa mazoea, akachomoka kuzibua bomba. Uchafu ukafika kwenye zege, ukakosa njia, ukarudi kwa mwenyewe na kuzunguka jamvi la wageni.

Washenga wakasimama, viatu mkononi. Azza, mkewe, akapiga kelele, "Hamud, nini hiki?"

Sisi tuliokuwa tunachungulia ukutani tukamjibia, "Neema!"