Mama ampa pole mtakatifu wa jiwe

Leo mama amepiga magoti katikati ya makumbusho, nami nikatamani kujifanya simjui.

Amekuja kunitembelea kutoka Nakuru. Tukapanda treni kituo cha Selly Oak, mtaani kwangu huku ughaibuni, hadi mjini, nikampeleka kuona sanamu ya jiwe yenye umri wa karne nyingi kutoka Ufaransa. Ni mtakatifu aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani yake, na kichwa chenyewe amekishika mikononi.

Mimi niko bize napiga picha. Kugeuka, mama yuko chini, anamnong'oneza huyo mtakatifu.

Watu wakatukodolea macho. Mlinzi akaanza kuja.

"Mama, inuka, hapa si kanisani," nikamvuta mkono.

"Sisali," akasema. "Nampa pole. Tangu tuingie watu wanampiga picha tu."

Mlinzi akauliza anasema nini. Nikamtafsiria, uso umenishuka.

Mlinzi akaenda kuleta kiti.

"Mwambie asiumize magoti. Akae muda autakao."

Mama akakaa karibu nusu saa. (Ndiyo, nusu saa.)

Nimemwomba msamaha kwenye treni. Akanipapasa goti, akauliza tutakula nini.

Nyinyi mliwahi kumwonea mzazi aibu, halafu mkabaki kujionea aibu wenyewe?