Msindikize kwa Macho

Ujiji ya miaka ile, mtu akitaka picha alijiandaa kama anayeitwa na bwana shauri wa serikali. Alioga, akapaka mafuta, akaazima saa ya mkononi kama hakuwa nayo, kisha akaenda studio kwa Mzee Bonifasi na kusimama mbele ya pazia lililochorwa meli na maua ambayo hayajawahi kuota popote duniani. Mzee Bonifasi akiinua mkono, mtu anakauka. Hapumui, hapepesi, hacheki. Nzi akitua puani, anaachwa amalize shughuli zake. Watu wote wa pwani ile ya ziwa waliijua adabu hiyo: kamera ikitokea, unasimama tuli mpaka uruhusiwe.

Dismasi alifunzwa kazi katika shule hiyo. Alianza kwa kufagia studio, akapandishwa kuwa mtu wa kushika taa, na baadaye Mzee Bonifasi akamruhusu kuingia chumba cha giza kusafisha picha. Alikuwa kijana mpole, mwenye vidole virefu, na mwenye ugonjwa mmoja tu: alijali kazi kupita kiasi. Picha ikiwa na doa la ukubwa wa chawa, yeye haoni uso tena, anaona doa.

Alikaa mlimani juu ya mwalo wa Kibirizi, kwenye mji wa marehemu baba yake, pamoja na mama yake, Mama Rozalia, na mkewe Siwema. Siwema alizaliwa Ujiji, lakini kwao ni ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alikuwa mweupe wa meno, mwenye mwanya, na mdomo usiolala njaa. Ukimtania mara moja, yeye anakutania mara tatu. Nyuma ya migomba yao ilipita njia ya msituni, njia ya wapanda baiskeli waliochukua dagaa Kibirizi na kuwapandisha milimani, kisha wakateremka na maharage na ndizi. Kupanda walisukuma, jasho likiwatoka. Kuteremka waliruka. Miti inawapita, mizizi inawarusha, na wengi wao baiskeli zao hazikuwa na breki. Walikanyaga gurudumu kwa katambuga za tairi, wakanuka mpira uliochomwa mpaka ziwani.

Basi mwaka wa sabini, Bwana Asumani, aliyekuwa akiuza baiskeli pale Ujiji, akaja studio na shauri jipya. Alitaka picha kubwa ya kutundika dukani.

"Lakini nataka baiskeli inayokimbia," alisema. "Baiskeli ya kuegemezwa ukutani hata mgonjwa anayo."

Mzee Bonifasi alicheka mpaka akakohoa. Kitu kinachokimbia hakipigwi picha, alisema, na kama Bwana Asumani ana haraka, akamtafute mchoraji. Dismasi, aliyekuwa akipanga viti, akasema kwa sauti ndogo kwamba njia ya baiskeli inapita nyuma ya nyumba yake.

Akaazimwa kamera kuukuu. Kazi ikamshinda tangu siku ya kwanza. Alijibanza nyuma ya mti, akamsubiri rafiki yake Anatoli, ambaye mteremko ule aliujua kuliko kitanda chake. Anatoli akatokea na magunia yake, akapita kwa kishindo, Dismasi akabonyeza. Aliposafisha ile picha, aliona msitu umetulia vizuri, kila jani na nafasi yake, migomba imetoka, na katikati ya njia pana moshi mrefu wenye magurudumu. Anatoli hakuwepo. Na pembeni, karibu na migomba, alisimama Siwema.

Alikuwa ametoka kuteka maji. Kuona kamera, akafanya kama kila mtu wa Ujiji alivyofundishwa: akatua ndoo, akaweka mkono kiunoni na mwingine kwenye mgomba, akakauka. Hakuna aliyemwambia kwamba picha si yake. Akatoka safi kabisa, mwanya na yote.

"Ondoka pale nyuma," Dismasi alimwambia siku ya pili. "Unaharibu."

"Nikiondoka nitatikisika, picha iharibike zaidi," Siwema akajibu. "Mimi najua kamera. Endelea na kazi yako, fundi."

Ikawa mchezo wao. Anatoli akipiga kengele kule juu ya mteremko, Siwema anaacha mchi, anakimbilia kwenye migomba, anapanga kanga yake nyeupe na kukauka. Dismasi anabonyeza. Moshi unapita katikati ya picha, na Siwema yuko pembeni, wazi kama mchana. Mkanda baada ya mkanda ukaisha hivyo. Mzee Bonifasi akaanza kununa juu ya filamu zake. Anatoli naye akadai walau apewe picha moja, hata mbovu, maana amechoka kuteremka bure. Dismasi akamtupia mojawapo ya zile za moshi na kuisahau papo hapo.

Jioni moja walikaa uani, Dismasi kanuna, Siwema anachambua mboga. Alikuwa mjamzito wa miezi michache.

"Nikuambie unakosea wapi?" alisema.

"Wewe unajua nini?"

"Najua unamvizia Anatoli kama mwizi wa kuku. Unakaa umekazana, yeye akipita unamshtukia. Mtu akiondoka na boti pale Kibirizi, wewe unamtazamaje? Si unageuka naye? Macho yako na mabega yako yanakwenda naye mpaka apotee. Basi na Anatoli hivyo hivyo. Usimngoje. Msindikize."

Dismasi akakuna goti, kama wanaume wafanyavyo wakiambiwa ukweli na wake zao. Lakini kesho yake alisimama wazi kando ya njia, akamchukua Anatoli kwenye kidirisha cha kamera tangu alipojitokeza kule juu, akageuka naye taratibu kwa kiuno, akabonyeza huku bado anageuka, na hata baada ya kubonyeza akaendelea kumsindikiza mpaka alipozama chini ya miti. Alijaribu tena na tena. Siku moja, kwenye maji ya dawa, Anatoli akajitokeza. Vifungo vya shati vinahesabika. Meno yamekazwa, katambuga kwenye gurudumu, na msitu wote nyuma yake umeyeyuka kuwa mistari, hata ukitazama unahisi upepo. Mzee Bonifasi aliitazama kwa muda mrefu, halafu akampa Dismasi mkono. Hakuwa amempa mkono tangu amfahamu.

Siku hiyo Dismasi alipanda mlima akiimba. Alibeba ile picha na furushi la zile mbovu zote, picha na mikanda yake, kwani Mzee Bonifasi alitaka chumba kisafishwe. Siwema alikuwa anapika samaki wa mgebuka kwa mawese. Dismasi akachuchumaa karibu na moto, akaanza kulisha zile mbovu motoni. Siwema akamsaidia, wakicheka kila moshi wa Anatoli ulipogeuka kuwa moshi wa kweli. Mara akashika moja, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Hii usichome," alisema. "Hapa nimetoka."

"Ipi?" Dismasi aliitazama. "Baiskeli iko wapi hapa? Huu ni uchafu, Siwema."

"Sisemi baiskeli. Nasema mimi."

"Mke wa fundi hawezi kuwa na picha ya kuokotwa porini, na ndoo miguuni. Ukijifungua nitakukalisha studio, kwenye kiti, na mtoto wako. Nitakupiga mpaka useme basi."

Siwema aliishika ile picha kidogo zaidi. Kisha akampa. Dismasi akaiweka motoni, ikajikunja kuanzia pembeni, na chakula kikaiva.

Picha ya Anatoli ikatundikwa dukani kwa Bwana Asumani, na watu wakatoka hata Mwamgongo kuja kuishangaa. Dismasi akaitwa fundi na wakubwa zake. Mvua zikaanza. Uchungu ukamshika Siwema alfajiri yenye mvua kubwa, mtoto akazaliwa nyumbani, wa kike, mzima, lakini damu ya mama haikukatika. Wanaume wakamweka kwenye machela, wakashika njia ileile kumteremsha hospitali. Pale ambapo Anatoli alikuwa akipita kabla hujameza mate, wao waliteleza, wakapiga magoti, wakapumzisha machela kwenye tope, wakainua tena. Anatoli alikuwa mmoja wa wabebaji. Siwema akafia njiani, ziwa likionekana.

Mtoto wakamwita Mapendo. Wazazi wa Siwema walikwisha rudi kwao ng'ambo, na Siwema hakuwa na ndugu mwingine upande huu wa ziwa. Mwaka wa sabini na nne watu wa mteremko wakahamishiwa vijiji vya ujamaa; Anatoli akapelekwa na jamaa zake milimani, mbali na njia za baiskeli. Dismasi akamchukua mama yake na mtoto, akapanga chumba Ujiji nyuma ya studio. Migomba ikaachwa, majani yakaota njiani.

Mapendo alipoanza shule ndipo alipoleta swali. Wenzake walikuwa wanabishana nani anafanana na nani.

"Baba, mama alikuwa na uso gani?"

"Mzuri."

"Mzuri kama wa nani?"

Dismasi akamwambia juu ya mwanya. Mtoto akashinda siku nzima sokoni anakagua meno ya akina mama, akarudi akisema ameona wenye mwanya wengi, ni yupi? Dismasi akatafuta maneno mengine. Akagundua hana, wala hana hata picha moja ya Siwema, maana ya studio alikuwa hajampiga. Alijua sauti ya Siwema, alijua mwendo wake, lakini alipotaka kuukumbuka uso wake, ulimjia uso wa mteja fulani. Mtu aliyepiga picha nyuso za mji mzima, uso wa mkewe umemtoka. Usiku ule alilia mdomo umebanwa na blanketi, asimwamshe mtoto.

Alikwenda dukani kwa Bwana Asumani kuitazama ile picha iliyomletea sifa. Katikati ya mistari ya msitu, nyuma ya bega la Anatoli, ulipita mstari mmoja mweupe. Ni kanga. Siwema alikuwa amesimama pale siku ile pia, amekauka kwa adabu zake zote, na ufundi wa mumewe ukamfuta. Dismasi aliichukia picha ile. Alitamani kuirarua mbele ya wateja.

Ndipo siku moja akaja mtu kutoka milimani kupiga picha ndogo. Katika mazungumzo akasema kwamba kijijini kwao naye mtu mmoja ana picha, ila fundi wake alikuwa mlevi, maana mwenye picha ametoka kama moshi.

"Anaitwa nani huyo?" Dismasi aliuliza.

"Anatoli."

Hakungoja kesho. Alipanda lori la mihogo, akatembea sehemu iliyobaki, akafika jua likiwa bado juu. Anatoli alimkumbatia mlangoni, akamwita mkewe alete kiti, akaanza habari za zamani. Dismasi hakukaa.

"Ile picha ya moshi, unayo?"

"Ninayo! Naiacha wapi? Nawaambia watoto huo moshi ndio mwendo wangu." Akaingia ndani, akatoka nayo, imewekwa kwenye fremu ya bati.

Dismasi akaipokea kwa mikono miwili. Msitu ulikuwapo. Njia ilikuwapo, na moshi wenye magurudumu. Upande wa migomba picha ilikwisha ghafla, imekatwa moja kwa moja kwa wembe. Kwenye ukingo wa mkato ulibaki mkono, toka kwenye kifundo cha kiganja, umeshika mgomba.

"Ilikuwa na mtu hapa," alisema.

"Shemeji," Anatoli akajibu, sauti ikishuka. "Ndugu yangu, mke wa mtu hawezi kukaa ukutani kwangu. Hata mama watoto alisema si heshima. Nilimkata taratibu, kwa wembe mpya, nisimguse."

"Kile kipande ulikiweka wapi?"

Anatoli akamtazama, na hapo ndipo akaelewa amefuatwa kwa ajili gani. Akakaa chini mwenyewe, kwenye kile kiti cha mgeni.

"Nilikichoma," alisema. "Wakati ule alikuwa amekwisha fariki. Ningekitupa, watu wangeukanyaga uso wake."

Dismasi hakumlaumu. Angemlaumuje? Mwenzake alichoma kimoja kwa heshima. Yeye alichoma vyote kwa majivuno, na Siwema akiwa mzima, anaomba. Mke wa Anatoli akaleta maji ya kunywa, akakuta wanaume wawili wanalia uani, akarudi ndani bila kuuliza.

Alirudi Ujiji na ile picha. Akaipiga upya kwa kamera, akaukuza ule mkono peke yake mpaka ukalingana na mkono wa mtu, vidole vitano juu ya mgomba, kucha ya kidole gumba imechanika kidogo. Akautundika chumbani, chini, mtoto anapofikia.

"Huyu ni mama yako," alimwambia.

Mapendo akautazama. Akaweka kiganja chake juu yake, kikaenea ndani na nafasi ikabaki. Tangu siku hiyo kila akitoka shule alipima. Dismasi, ambaye wateja waliogopa kugusagusa picha mbele yake, alimtazama mtoto akiujaza ule mkono mafuta na uchafu wa chaki, asimkataze. Ukianza kufifia, alijua, atausafisha mwingine chumba cha giza. Mkanda wa mkono alikuwa nao.